Anzeni forodhani: jibu kwa waliobuni kanda ya mataifa manne

Swali: Mimi na wenzangu tumebuni kanda ya mataifa manne kwa ajili ya riwaya na mchezo wa kuigiza siasa. Halambe iko pwani na ina bandari kubwa. Mtavi iko nyanda za juu, ina mashamba na watu wengi kuliko wengine. Kindwe ina machimbo ya shaba lakini haina bahari. Shungwi ni visiwa vya wavuvi na wachuuzi. Tumeziandikia katiba, bunge la pamoja, sarafu moja iitwayo rupa, na mipaka isiyo na walinzi. Hata hivyo kila anayesoma hutuambia kwamba kanda yetu haina uhai, na kwamba serikali, uchumi na jamii ni kama sura zilizotolewa kwenye vitabu vitatu tofauti. Tuanzie wapi kurekebisha? Na je, tuko sahihi kuifanya Kindwe ndiyo nchi itakayojitoa, kwa kuwa ndiyo inayonyonywa?

Jibu: Ndugu msomaji, nimeyasoma maelezo yenu yote, na katiba zenyewe mmeziandika kwa uangalifu ambao serikali nyingi za kweli hazikuwa nao. Nilichokosa ni jambo moja: hakuna ukurasa unaoeleza ni nani anayetoza ushuru wa mzigo ulioshushwa Halambe na kupelekwa Kindwe, wala fedha hizo huingia katika hazina ya nani. Nawashauri muanzie hapo, kwa sababu katika kanda yoyote ya mataifa yenye soko moja, serikali, uchumi na jamii hukutana kwanza mezani pa karani wa forodha.

Chukueni shehena moja ya mashine za machimbo. Meli inatia nanga Halambe, ushuru unalipwa pale pale bandarini, na mashine zinapanda treni kuelekea Kindwe. Fedha zikibaki Halambe, wachimbaji wa Kindwe watakuwa wanaiendesha serikali ambayo hawakuipigia kura. Zikipelekwa kule mzigo unakokwenda, itabidi kila kontena lifuatwe kwa hati mpaka mwisho wa safari, na hapo makarani, mawakala wa forodha na mizani ya barabarani vitaota kila mahali, pamoja na rushwa yake. Zikiwekwa katika mfuko mmoja na kugawanywa kwa idadi ya watu, Mtavi itafurahi na Kindwe itanung'unika. Zikigawanywa sawa kwa sawa, visiwa vya Shungwi vitapata zaidi ya vinavyochangia, na wakulima wa Mtavi watataka kujua kwa nini. Kila kanuni kati ya hizi huzaa aina yake ya wanasiasa, aina yake ya matajiri na aina yake ya manung'uniko. Mkishachagua moja, nusu ya kazi yenu itakuwa imekwisha.

Historia ina mifano ya kila namna. Umoja wa forodha wa kusini mwa Afrika, ulioanzishwa mwaka 1910, uliweka asilimia zisizobadilika: Afrika Kusini ilichukua takriban asilimia 98.7 ya mapato, na Botswana, Lesotho na Eswatini za leo, wakati huo zikiwa chini ya Uingereza, zikaachiwa asilimia 1.31 zigawane. Kanuni hiyo ilidumu hadi ilipofanyiwa marekebisho mwaka 1969, baada ya nchi hizo kupata uhuru. Kwa upande mwingine, umoja wa forodha wa madola ya Kijerumani ulioanza mwaka 1834 chini ya uongozi wa Prussia uligawa mapato kwa idadi ya watu, na Prussia ikavumilia hasara ya fedha kwa kuwa ilikuwa inanunua kitu kingine, yaani utii wa majirani zake. Mwaka 1866 baadhi ya madola hayo yalipigana vita dhidi ya Prussia, na umoja wa forodha haukufa. Uliundwa upya mwaka uliofuata. Nawaachia mfano huo kwa sababu waandishi wengi wa kubuni hudhani kwamba vita huvunja kila kitu na amani hujenga kila kitu, wakati mapatano ya fedha yanaweza kuishi kuliko mapatano ya majeshi.

Mfano wenye mengi zaidi ya kuwafundisha, hata hivyo, uko nyumbani, nao ni Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, ile ya 1967 hadi 1977. Kenya na Uganda zilikuwa zimeunganisha forodha tangu mwaka 1917, na Tanganyika ikaingia hatua kwa hatua katika miaka ya 1920. Reli, bandari, posta, simu, shirika la ndege, utafiti wa kilimo na hata ukusanyaji wa kodi ya mapato viliendeshwa kwa pamoja. Ukiitazama ramani ungesema hii tayari ni nchi moja iliyobaki kupewa jina.

Tatizo lilijificha katika shati. Shati lililotoka Japani lilipoingia Uganda lililipiwa ushuru, na ushuru huo ukaingia hazina ya Uganda. Ukuta wa ushuru ukapandishwa ili viwanda vya ndani vikue, na viwanda vikakua kweli, lakini vingi vikajengwa Nairobi, ambako kulikuwa na umeme, benki, mafundi, walowezi wenye mitaji na makao makuu ya reli. Mtu wa Mbale au Tabora sasa akanunua shati la Nairobi, mara nyingi kwa bei kubwa kuliko lile la Japani kama lisingetozwa ushuru, na serikali yake haikupata hata senti kwa kuwa mali ya Kenya ilipita bure. Hapakuwa na mwizi wala njama. Soko lilifanya kazi yake, na kila mwaka fedha zilihama kutoka nchi mbili kwenda ya tatu bila mtu yeyote kuzibeba.

Wakoloni wenyewe waliliona. Tume ya Raisman ya mwaka 1961 ilipendekeza mfuko wa kugawana, ambamo ziliingizwa asilimia 6 ya mapato ya forodha na ushuru wa bidhaa, pamoja na asilimia 40 ya kodi ya mapato ya kampuni za viwanda na fedha. Nusu iligharimia huduma za pamoja, na nusu iligawanywa kwa nchi tatu kwa mafungu sawa. Ilikuwa nafuu, lakini fidia hailingani na kiwanda. Serikali iliyopata uhuru juzi haitaki hundi kutoka kwa jirani. Inataka bomba la moshi ambalo waziri anaweza kulionyesha kwa kidole siku ya sherehe, na ajira za vijana wanaomaliza shule. Kwa hiyo mwaka 1964 yakafanyika mapatano ya Kampala ya kugawana viwanda vyenyewe, nani atengeneze matairi, nani baiskeli, nani balbu za umeme. Kenya haikuyaridhia, na mwishowe Kenya na Tanzania zikawa kila moja na kiwanda chake cha matairi, kimoja Nairobi na kingine Arusha, vikigombea soko ambalo lilikusudiwa kuwa la kimoja.

Mkataba wa Jumuiya, uliotiwa saini Kampala mwezi Juni 1967, ulijaribu kurekebisha yote haya kwa namna ambayo mbunifu yeyote wa kanda anapaswa kuichungulia kwa makini. Ulianzisha kodi ya uhamisho: nchi iliyokuwa ikinunua zaidi ya inavyouza katika bidhaa za viwandani ndani ya Jumuiya iliruhusiwa kutoza bidhaa za jirani hadi nusu ya ushuru wa nje, kwa muda usiozidi miaka 8, ili viwanda vyake vichanga vipate kupumua. Ulianzisha Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki, ambayo nchi tatu ziliichangia sawa, lakini mikopo yake ilipangwa kwenda asilimia 38.75 Tanzania, asilimia 38.75 Uganda na asilimia 22.5 tu Kenya. Na uligawanya makao makuu: sekretarieti ikaenda Arusha, bandari Dar es Salaam, posta na simu Kampala, reli na ndege zikabaki Nairobi. Msidharau kipengele hiki cha mwisho. Makao makuu maana yake ni mishahara, nyumba za maofisa, shule za watoto wao, maduka yanayowauzia, na madereva, matarishi na makarani wanaotoka wilaya za jirani. Katika maelezo yenu taasisi zote za pamoja ziko katika mji mmoja mzuri wenye chemchemi. Zitawanyeni, halafu tazameni mabishano yatakavyoanza yenyewe.

Wengi husimulia kwamba Jumuiya ile iliuawa na Idi Amin. Ni kweli kwamba baada ya mapinduzi ya Januari 1971 Nyerere alikataa kuketi naye meza moja, na Mamlaka, yaani kikao cha marais watatu ambacho ndicho kilichokuwa na neno la mwisho, haikukutana tena. Lakini mashine iliendelea kuzunguka kwa miaka 6 baada ya hapo. Mawaziri walikutana, treni zilikwenda, ndege ziliruka. Kilichozikaba pumzi taasisi hizi, kwa maoni yangu, ni jambo dogo la kihasibu: fedha zilizokusanywa katika kila nchi ziliacha kupelekwa makao makuu. Kila serikali ilikuwa na uhaba wa fedha za kigeni, hasa baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973, na kila moja ikaona afadhali nauli na mapato yaliyokusanywa nyumbani yabaki nyumbani. Kila upande ukawa na hesabu zake za nani anamdai nani. Mwanzoni mwa 1977 shirika la ndege la pamoja likasimama, Kenya ikaanzisha la kwake, Tanzania ikafunga mpaka mwezi Februari, na ilipofika mwisho wa Juni hapakuwa na bajeti ya pamoja ya kuidhinisha. Mpaka ule ulifunguliwa Novemba 1983, na mwaka 1984 nchi tatu zikakubaliana namna ya kugawana mali na madeni, baada ya usuluhishi mrefu wa Victor Umbricht kutoka Uswisi. Benki ya Maendeleo ilinusurika, nayo ipo hadi leo.

Hapo ndipo jamii inapoingia, na ndipo ninapoona mmepoteza nafasi kubwa zaidi. Katika kurasa zenu, jamii ni mavazi, vyakula na sikukuu. Hivyo ni vizuri, lakini havielezi kwa nini mtu wa Shungwi anamchukia mtu wa Mtavi. Kodi na kazi hueleza. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliweka kodi ya rupia 3 kwa kila kibanda, na Wajerumani upande wa pili wa ziwa walikuwa wameanza kutoza ya kwao miaka michache kabla. Mtu asiye na rupia alilazimika kuzitafuta, na rupia zilikuwa shambani kwa mzungu, kwenye reli au bandarini. Makabila mazima yakapata sifa ya kazi fulani kwa sababu tu ya umbali kati ya vijiji vyao na mahali palipolipa fedha taslimu. Vizazi viwili baadaye sifa hiyo ilionekana kama tabia ya kuzaliwa nayo, na watani wakatunga vichekesho juu yake.

Wafanyakazi waliohama pamoja na reli na posta ndio walioishi Jumuiya kwa kweli, kuliko wabunge. Fundi wa reli kutoka Kisumu alioa Kampala, akajenga, akasomesha watoto. Kisha mwaka 1970 serikali ya Obote ikawafukuza maelfu ya wafanyakazi wa Kenya, huku mikataba ya ushirikiano ikiwa bado halali na bendera zikipepea. Miaka miwili baadaye Amin akawapa Waasia siku 90 za kuondoka, na maduka yao yakaangukia mikononi mwa watu ambao mitaani waliitwa mafuta mingi, yaani matajiri wa ghafla. Kama Halambe yenu ina bandari, basi lazima ina mtaa wa watu wa Mtavi waliokuja kubeba mizigo, na lazima kuna mwanasiasa wa Halambe anayeujua vizuri mtaa huo wakati wa uchaguzi.

Msisahau pia magendo. Baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil mwaka 1975, na bei ya kahawa duniani ikapaa. Nchini Uganda bodi ya mazao iliendelea kumlipa mkulima bei ya chini, kwa fedha isiyonunua kitu, na ng'ambo ya mpaka kulikuwa na mnunuzi mwenye noti za Kenya. Kahawa ikavuka kwa punda, kwa malori na kwa vichwa vya watu, na kijiji cha Chepkube upande wa Kenya kikageuka soko la kahawa ingawa hakikuwa na mashamba ya kutosha kuieleza hata robo ya magunia yaliyoonekana pale. Mnaposema mipaka ya kanda yenu haina walinzi, niambieni kwanza bei ya shaba, ya sukari na ya mafuta ya taa kila upande. Zikitofautiana, watu watasafiri usiku, mtu atajenga ghorofa bila kazi inayojulikana, na mkuu wa polisi wa wilaya atakuwa rafiki yake. Hakuna sura ya katiba itakayowapa wahusika kama hao.

Kuhusu sarafu ya pamoja nitasema kwa kifupi, kwa kuwa mmeiandika kama alama ya udugu na mimi naiona kama kamba. Shilingi ya Afrika Mashariki iliyoanza mwaka 1921 ilisimamiwa na bodi iliyokaa London, ambayo ilitoa noti kwa kadiri ya akiba ya pauni iliyokuwa nayo. Serikali yoyote ya huku isingeweza kuchapa fedha kulipia mpango wake wa maendeleo. Baada ya uhuru kila nchi ilitaka benki kuu yake ya kukopa kwake, na mwaka 1966 zote tatu zikawa nayo, mwaka mmoja kabla ya kusaini mkataba wa Jumuiya! Swali la kujiuliza kuhusu rupa yenu ni nani anayeruhusiwa kuichapa na nani anakataliwa anapoomba. Na mkitaka kuona sarafu inavyoweza kutanguliza mgogoro, someni yaliyotokea Ethiopia na Eritrea. Zilitumia birr moja hata baada ya Eritrea kujitenga mwaka 1993. Novemba 1997 Eritrea ikatoa nakfa yake, Ethiopia ikataka biashara kubwa kati yao ilipwe kwa fedha za kigeni, na Mei 1998 vita vikaanza mpakani. Sisemi nakfa ndiyo iliyoleta vita, maana mpaka wenyewe ulikuwa na ugomvi wake, lakini mfanyabiashara wa Asmara alijua kwamba mambo yameharibika miezi kadhaa kabla ya risasi ya kwanza. Wasomaji wenu nao wajulie sokoni.

Bunge la pamoja lipeni madaraka kidogo kuliko mlivyolipa. Mmeandika kwamba linapiga kura na nchi zote zinatii. Katika Jumuiya ya sasa, iliyotokana na mkataba wa Novemba 1999 na kukua hadi nchi wanachama 8, lipo bunge, ipo mahakama, na upo ushuru mmoja wa nje ulioanza mwaka 2005 kwa viwango vya asilimia 0, 10 na 25, kisha kikaongezwa cha 35 mwaka 2022. Pamoja na hayo, kila mwaka nchi huomba ruhusa ya kutofuata kiwango fulani kwa bidhaa fulani, na orodha za misamaha hiyo ni ndefu. Ukitaka kujua nani ana nguvu katika nchi yoyote ya kanda, soma orodha hiyo: mwenye kiwanda cha sukari aliyepata ulinzi, mwagizaji wa mchele aliyepata nafuu, mwenye kiwanda cha nondo aliyesikilizwa. Andikeni orodha ya misamaha ya mataifa yenu manne, hata ya ukurasa mmoja tu, na itawaambia mengi kuhusu serikali zenu kuliko utangulizi wa katiba. Nimegundua kwamba wanafunzi huichukia kazi hii mwanzoni, kisha hawataki kuiacha.

Sasa nirudi kwenye swali lenu la mwisho. Sikubaliani na kuifanya Kindwe nchi itakayojitoa. Nchi isiyo na bahari inaweza kunyonywa kwa miaka mingi na ikabaki, kwa sababu gharama ya kutoka ni kubwa mno: siku itakayotangaza kujitoa, shaba yake itasimama stesheni na dizeli yake itabaki kwenye matangi ya Halambe. Amin, kwa ubabe wake wote, alitegemea barabara na reli ya Mombasa, na mwaka 1976 alipoanza kuidai ardhi ya magharibi mwa Kenya, Kenya ilibana njia ya mizigo, naye akalegeza madai. Kindwe italalamika, itachelewesha michango yake, itatafuta reli ya pili kuelekea bahari nyingine hata kama reli hiyo haina faida ya kifedha. Itatuma wajumbe wapole sana kwenye vikao. Haitatoka.

Mtavi nayo haitatoka mapema, maana mgawo wa kwa idadi ya watu unailipa. Inayoweza kutoka ni Halambe. Ina bandari, ina viwanda, ina wenye mitaji ambao wamechoka kusikia kwamba mafanikio yao ni deni, na ina wananchi wanaoamini kwamba wao ndio wanaowalisha wengine watatu. Haihitaji hata kutangaza. Ianze kwa kuchelewesha kupeleka mgawo wa forodha mwezi mmoja, kwa sababu ya ukaguzi wa hesabu. Kisha miezi mitatu. Kisha waziri wake wa fedha asome bajeti ambayo ndani yake fungu la kanda halimo, na waandishi wa habari wa Mtavi wachukue siku mbili kuligundua. Shungwi, ambayo mmeiacha pembeni kama nchi ya mandhari, ndiyo itakayotajirika katika kipindi hicho, kwa kuwa visiwa vilivyo karibu na bandari yenye mgogoro hupokea meli zinazokwepa maswali. Kwa hiyo mpeni mwanamke mmoja wa Shungwi, mwenye majahazi matatu na shemeji katika forodha ya Halambe, nafasi kubwa zaidi kuliko mliyompa rais wa bunge la pamoja.